Wana Ingwe wenzangu, msiiache timu

Lowell, Massachusetts

Ndugu zangu,

Nimepata jumbe zenu zote kuhusu Ingwe, klabu yetu ya soka huko Kenya. Mmoja wenu ameapa kwamba hatakanyaga uwanjani mpaka timu itwae ligi. Mwingine anasema jezi yake sasa ni ya kuvaliwa shambani. Na kaka yetu mkubwa, yule aliyetufundisha sote nyimbo za jukwaani, ameniandikia kwamba siku hizi Jumamosi zake ni za Arsenal tu. Hilo la mwisho limeniuma, na ndilo lililonikalisha chini niandike.

Nataka kuwasimulia Septemba ya mwaka 2011, na timu ya besiboli ya Boston iitwayo Red Sox. Najua mtauliza besiboli inatuhusu nini. Nisikilizeni kidogo.

Kwetu jina la Boston ni jina la mbio. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya Boston mwaka 1988, Catherine Ndereba akaja akashinda mara nne, Robert Cheruiyot naye mara nne. Marathoni hiyo hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, sikukuu ya jimbo hili, na asubuhi hiyo hiyo Red Sox hucheza Fenway Park, uwanja mkongwe uliofunguliwa mwaka 1912. Njia ya wakimbiaji inapita Kenmore Square, hatua chache kutoka uwanjani, ikiwa imebaki maili moja kufika mwisho. Mchezo ukimalizika, umati wa besiboli humiminika barabarani kuwashangilia wakimbiaji. Wakenya tuko wengi hapa Lowell, karibu na Boston, na wengi wetu tuliijua Red Sox kwa njia hiyo: tulikwenda kuwapigia kelele vijana wetu, tukajikuta tumesimama bega kwa bega na watu wa kofia za buluu zenye herufi B nyekundu. Aprili ile ya 2011 Geoffrey Mutai alimaliza kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo, ingawa njia ya Boston haikubaliwi kwa rekodi ya dunia. Watu nisiowajua walinikumbatia kwa sababu nilikuwa na bendera ya Kenya mkononi. Tangu siku hiyo niliona nina deni kwao, na deni hilo nimelilipa kwa kuishangilia timu yao.

Mambo mengine ya mchezo wenyewe nilifundishwa kazini. Nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wazee wale walikuwa na Red Sox kila jioni kwenye televisheni. Bibi mmoja alikuwa na daftari lake la mistari, akiandika kwa penseli kila mpira uliorushwa na kila mchezaji aliyetolewa. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kila timu hupata zamu tisa za kupiga, na kwamba zamu haimaliziki mpaka wapigaji watatu watolewe. Mchezo wa besiboli haumalizwi na saa. Ukiwa umebakiza mtu mmoja tu wa kumtoa, bado hujashinda. Maneno hayo niliyaelewa vizuri zaidi baadaye.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni wingi wa michezo. Timu hucheza michezo 162 kwa miezi sita, yaani karibu kila siku. Sisi tukifungwa Jumapili tuna wiki nzima ya kununa, kubishana na kupoa. Mshabiki wa besiboli hana nafasi hiyo. Anafungwa leo usiku, na kesho jioni anaketi tena mbele ya timu ile ile, na moyo wake unalazimika kujipanga upya kila siku. Ndiyo maana nasema hawa watu wanajua jambo fulani kuhusu matumaini ambalo sisi hatujapata muda wa kulijifunza.

Mwaka ule wa 2011 klabu ya Red Sox ilikuwa imemwaga fedha. Carl Crawford alisajiliwa kwa dola milioni 142 kwa miaka saba, na Adrián González akapewa mkataba wa dola milioni 154. Watu walisema hii ndiyo timu bora kuwahi kuundwa Boston. Wakaanza kwa kupoteza michezo sita mfululizo, wakazinduka, na kufikia katikati ya mwaka walikuwa wanatisha. Usiku wa tarehe 3 Septemba walikuwa wameshinda 84 na kupoteza 54. Wakati ule kila ligi kati ya mbili ilipeleka timu nne kwenye mchujo wa Oktoba: mabingwa watatu wa kanda, na timu moja zaidi iliyokuwa na rekodi bora miongoni mwa waliobaki. Red Sox waliishika nafasi hiyo ya nne kwa tofauti ya michezo tisa dhidi ya Tampa Bay Rays, na ilikuwa imebaki michezo 24 tu. Waliopiga hesabu za uwezekano waliwapa zaidi ya asilimia 99.

Katika siku hizo matumaini yalikuwa makubwa mno. Wazee wangu hawakuzungumzia tena kufuzu. Walibishana ni mrushaji yupi aanze mchezo wa kwanza wa Oktoba, na kama Yankees wa New York wangekutana nao mapema au mwishoni. Kisha timu ikaenda Florida, nyumbani kwa Rays, na Rays wakashinda michezo yote mitatu. Rays wakaja Fenway, wakachukua mitatu kati ya minne. Warushaji wa kuanza mchezo walichoka au waliumia, na Septemba hiyo waliruhusu wastani wa mikimbio (ndiyo alama za besiboli) zaidi ya saba kwa kila zamu tisa. Kwa viwango vya mchezo huu, hayo ni maafa. Hata Baltimore Orioles, timu ya mkiani mwa kanda, ilikuja Fenway ikashinda mitatu kati ya minne.

Niliona kwa macho yangu jinsi matumaini yanavyohama. Kwanza waliacha kutaja ubingwa. Baadaye wakaacha kutaja mchujo, wakasema tu: leo tushinde. Wiki ya tatu ya mwezi walikuwa wakitafuta matokeo ya Rays kabla hawajauliza ya timu yao wenyewe, kwa maana Rays wakipoteza ilikuwa sawa na sisi kushinda. Na mwisho likaja jambo ambalo sikudhani ningelisikia katika mji huu: watu wa Boston wakiwaombea Yankees washinde, kwa sababu Yankees ndio waliokuwa wakifunga msimu na Rays. Fikirini mwana Ingwe akipiga magoti kuiombea K'Ogalo, wapinzani wetu wa jadi. Bibi wa daftari, ambaye tangu utotoni hakuwahi kutamka jina la Yankees bila kukunja uso, aliniomba nimtafutie mchezo wao kwenye redio.

Palikuwa na wengine waliochagua njia tofauti. Katikati ya mwezi walitangaza kwamba wamemalizana na timu hii. Walisema walijua tangu mwanzo, kwamba ni yale yale ya mwaka 1978, Yankees walipowapiku baada ya kuwa nyuma kwa michezo 14 mwezi Julai. Waliona ni werevu kukata tamaa mapema ili wasiumie mwishoni. Ndugu zangu, hao ndio ninyi leo, na kwao ndiko hadithi yangu ilikokuwa ikielekea.

Sasa sikieni walichokosa. Jumapili ya tarehe 25 Septemba, jijini New York, Red Sox walipoteza mchezo wa mchana. Usiku wakacheza wa pili, zamu tisa zikaisha kwa sare, wakaendelea mpaka zamu ya 14. Ndipo Jacoby Ellsbury akaupiga mpira ukavuka ukuta, mikimbio mitatu kwa mpigo mmoja, wakashinda 7–4. Ilikuwa usiku wa manane, na wazee waliopaswa kuwa wamelala saa nyingi walikuwa wakipiga makofi vitandani. Siku mbili baadaye, mjini Baltimore, kijana mgeni kabisa aitwaye Ryan Lavarnway alipewa nafasi ya kudaka mipira kwa sababu wenye nafasi hiyo walikuwa wameumia. Akapiga mara mbili nje ya ukuta, timu ikashinda 8–7. Furaha ya usiku ule sijaisahau. Hata ubingwa haujanipa furaha ya namna ile, kwa kuwa ilimjia mtu aliyekuwa amebakiza tumaini dogo kabisa, na likatimia lote. Waliokuwa wamejitoa walipata habari hiyo asubuhi kama habari ya hali ya hewa.

Jumatano ya tarehe 28, siku ya mwisho, Red Sox na Rays walikuwa sawasawa: kila timu imeshinda 90 na kupoteza 71. Mjini Baltimore, Red Sox waliongoza 3–2, kisha mvua ikasimamisha mchezo kwa karibu saa moja na nusu. Huko Florida, Yankees walikuwa mbele 7–0. Zamu ya nane Rays wakapata sita. Zamu ya tisa, wamebakiza mtu mmoja, Dan Johnson, mpigaji wa akiba, akasawazisha. Mvua ilipokatika Baltimore, Jonathan Papelbon alipewa mpira kufunga mchezo. Msimu ule Red Sox walikuwa wameshinda michezo yote 77 waliyoingia zamu ya tisa wakiongoza. Papelbon akawatoa wawili wa kwanza. Amebakiza mmoja. Chris Davis akapiga, akafika kituo cha pili. Nolan Reimold akapiga, ikawa sare. Robert Andino akapiga kuelekea kushoto. Crawford akateleza kuudaka, mpira ukamponyoka, Reimold akafika kituo cha nyumbani na kufunga. 4–3 kwa Baltimore. Dakika tatu baadaye, saa sita na dakika tano usiku, kwenu ikiwa saa moja na dakika tano asubuhi, Evan Longoria aliupiga mpira nje ya uwanja kule Florida na Rays wakashinda 8–7.

Red Sox walikuwa wamepoteza michezo 18 kati ya 24 ya mwisho. Chumbani bibi yule aliandika kila pigo mpaka la Andino, kwa mkono usiotetemeka, akaweka tarehe chini ya ukurasa. Alikasirika sana, na hakutaka kupewa pole na mtu.

Mengine yalipita haraka. Kocha Terry Francona aliondoka baada ya siku mbili, meneja mkuu Theo Epstein akahamia Chicago, na magazeti yakajaa habari za warushaji waliokula kuku wa kukaanga na kunywa bia kwenye chumba cha wachezaji wakati wenzao wakicheza. Mwaka 2012 ukawa mbaya zaidi: ushindi 69, vipigo 93. Mwaka 2013 mabomu yalilipuka kwenye mstari wa mwisho wa marathoni, mji ukalia, na Oktoba ile ile Red Sox wakatwaa ubingwa Fenway, mara yao ya kwanza kuutwaa nyumbani tangu 1918. Siku ya maandamano ya ushindi walilisimamisha kombe kwenye mstari ule ule ambao wakimbiaji wetu huuvuka kila Aprili.

Sisemi kwamba anayesubiri hulipwa. Kati ya 1918 na 2004 Red Sox hawakupata ubingwa hata mmoja, miaka 86, na wengi walizaliwa na kuzikwa bila kuuona. Wala sidai viongozi wa klabu waachwe wafanye watakavyo. Wapigieni kelele, andikeni, wadaini hesabu. Ninachokataa ni kule kuhama. Ingwe ilitwaa ligi mwaka 1998, kisha ikapita zaidi ya miaka ishirini bila taji hilo. Naijua hesabu hiyo na inanichoma kama inavyowachoma. Lakini wakumbukeni majirani zetu wa K'Ogalo: walikaa bila taji la ligi tangu 1995, na mwaka 2012 klabu ya Tusker iliwapokonya ligi siku ya mwisho kabisa. Mwaka uliofuata wakaitwaa. Walioimba siku ile walikuwa wale wale waliolia mwaka uliotangulia, na ndiyo maana waliimba vile.

Mnaniambia hamna tena matumaini ya ligi. Sawa, basi msiwe na matumaini ya ligi. Tumainieni ushindi wa Jumapili hii. Ukishindikana, tumainieni bao moja la kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana, mumjue jina kabla ya mtu mwingine yeyote. Arsenal haiwahitaji, viti vyake vimejaa. Vyetu viko wazi.

Kaka, nakuomba wewe kwanza. Mchukue mdogo wetu, mpitie kwa binamu, mwende kwenye mchezo ujao wa Ingwe. Nimetuma nauli na pesa za tiketi za watu watatu kwa simu yako. Imbeni kwa sauti, kisha nipigieni mnieleze timu ilichezaje, hata kama imefungwa.

Ndugu yenu wa
Lowell