Uganda: Programu huria yaweza kuwa jibu intaneti inapozimwa?

Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Uganda ilifunga mitandao ya kijamii. Facebook ilikuwa imefuta akaunti ilizozihusisha na Wizara ya Habari, na Rais Yoweri Museveni akasema mtandao unaoegemea upande mmoja dhidi ya NRM hauna nafasi nchini. Siku iliyofuata intaneti yote ilizimwa kwa takriban siku tano.

Mkaazi wa Kuluba, wilayani Koboko, hakushirikishwa katika uamuzi wa kampuni ya California wala ule wa serikali ya Kampala, lakini yote miwili ilimgusa.

Ndiyo maana kabla ya uchaguzi wa 15 Januari 2026, mgombea wa upinzani Bobi Wine aliwahimiza wafuasi wake wapakue Bitchat, programu huria iliyoanzishwa na Jack Dorsey, inayopitisha ujumbe kutoka simu moja hadi nyingine kwa Bluetooth. Tarehe 13 Januari, intaneti ilizimwa tena.

Hata hivyo, Bluetooth haifiki mbali. Katika soko la Arua, penye umati, ujumbe waweza kusafiri. Vijijini Kuluba, ambako nyumba zimetawanyika, waweza kukatikia njiani. Tena simu ya kitochi haiwezi kuitumia programu hiyo.

Programu huria humpunguzia mwananchi utegemezi kwa kampuni kubwa, lakini haiwezi kushika nafasi ya sheria. Suala la msingi linabaki: nani mwenye haki ya kuzima intaneti, na anawajibika kwa nani?