Jicho Lisilouma Nalo Lipimwe

Ndugu mfanyakazi, cheche ikiruka jichoni unakimbia kwa munganga siku ileile. Ni vizuri. Lakini je, ugonjwa unaopofusha bila maumivu utaukimbilia lini? Jina lake ni glokoma.

Ndani ya jicho mna maji yanayoingia na kutoka kila saa. Ni kama mgodini: pampu ikilegea, maji yanajaa. Presha ya jicho inapanda na kuharibu mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo.

Glokoma ni za namna nyingi. Ile inayotushika sana sisi Waafrika huja polepole. Mbele unaona vizuri, lakini pembeni panaanza kupotea. Kamyo inatokea kando, wewe hukuiona.

Nyingine huja ghafula: jicho jekundu lenye maumivu makali, kichwa kinauma, unatapika, taa zinazungukwa na rangi. Usiseme ni malaria ukalala. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nyingine hufuata pigo la jiwe au ngumi, hata baada ya miaka. Tena hapa Kampemba, miezi ya vumbi macho yakiwasha, wengi wanajinunulia matone. Angalia! Matone yenye kortizoni, ukiyatumia siku nyingi bila munganga, yanaweza kupandisha presha.

Kwa maoni yetu, kupima macho kwa kusoma herufi za ukutani hakutoshi. Mwenye glokoma anaweza kuzisoma zote, kumbe anaelekea upofu. Tunaomba wakubwa wa kazi kila aliyepita miaka 40 apimwe presha ya jicho, na mke wake pia. Kwa kawaida presha ni kati ya 10 na 21. Lakini wengine huharibika macho hata chini ya 21. Kwa hiyo munganga aangalie na ndani ya jicho.

Mama, kama baba au ndugu wa tumbo moja alipofuka kwa ugonjwa huu, msiseme ni uchawi. Glokoma hufuata ukoo. Nendeni wote mkapimwe.

Kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki tu. Ukipewa matone, tia kila siku, hata kama husikii maumivu.

Miwani ya kazi inakinga cheche. Upofu wa glokoma unakingwa kwa kupimwa mapema.