Kiko kiko wapi?

Ijumaa nilijitolea kusimamia msako wa hazina shuleni kwa mwanangu, hapa Jette. Darasa lao linasoma habari za mchoraji René Magritte, aliyeishi mtaa wa Esseghem namba 135 toka 1930 hadi 1954, jirani yetu kabisa! Basi kila kidokezo kilikuwa mchoro wa vitu vyake: kofia, tufaha, mwavuli. (Mwavuli tuliuhitaji kweli.)

Cha mwisho kilikuwa kiko. Mwanangu, ambaye mwaka mzima ananijibu Kifaransa mbele ya wenzake, akaniita toka ng'ambo ya uwanja:

"Mama, kiko!"

"Kiko wapi?"

"Kiko, mama!"

"Nimesikia, kiko wapi?"

"Siyo wapi! Kiko cha babu, cha Tanga!"

Wenzake wakadaka: kiko, kiko, kiko, kama vyura. Mwalimu akaja kuuliza tunagombania nini. Hazina ilikuwa chini ya benchi, chokoleti zimelowa chapachapa, zikaliwa hivyo hivyo.

Getini rafiki yake akatupungia mkono: "Kiko!"

Mwanangu akanivuta koti. "Mama, tumfundishe na kwaheri."