Ukoko si Huruma

Sentensi ninayoisikia zaidi mwaka huu husemwa kwa kicheko: "Mbwa naye ana sukari? Kwani anakunywa soda?" Nimechoka kucheka nao. Mbwa wa nyumbani kwa shangazi yangu, jike la miaka tisa ambaye hajalala ndani hata siku moja, ana kisukari. Anachomwa insulini asubuhi na jioni, na sindano yenyewe wala hageuki kuitazama. Vita yetu iko kwenye bakuli.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa kwenye makochi nawaomba wasome historia kidogo. Mwaka 1889, Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Ndipo ikajulikana ni kiungo gani cha kutazamwa. Mwaka 1921, Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa wengine kongosho, wakawachoma dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye kongosho na kuona sukari ikishuka. Januari 1922 dawa hiyo ikamfikia mvulana Leonard Thompson. Babu yako anayejichoma kila asubuhi ana deni kwa mbwa waliofia maabara. Halafu leo mjukuu wake anauliza kama mbwa anakunywa soda.

Kuna hoja nyingine ambayo siicheki: kwamba kuna watu wanaikosa insulini, sasa mbwa apewe ya nini? Ni kweli wapo, na ni aibu. Lakini chupa yetu tunainunua dukani kwa hela yetu, hatuichukui kwenye fungu la zahanati. Na kinachofuja insulini kuliko chochote ni ulaji wa hovyo. Dozi ileile inayomtosha mbwa leo haitamtosha kesho akishiba mabaki ya ukweni. Anayeumia kwa uhaba wa dawa angekuwa wa kwanza kutusaidia kulinda bakuli.

Kwa sababu kanuni yenyewe haina maajabu. Kisukari cha mbwa kwa kawaida ni cha kukosa insulini, kwa hiyo hakuna mlo unaokiponya, na anayekuuzia nyama mbichi au unga wa majani kwa ahadi hiyo anakuibia. Kazi ya mlo ni kwenda sambamba na sindano. Kipimo cha dawa hakibadiliki bila daktari, basi na chakula kisibadilike: aina ileile, uzito uleule, mara mbili kwa siku, kama saa 12 kati ya mlo na mlo. Anakula kwanza, ndipo anachomwa. Akigoma kula, hachomwi dozi nzima, anapigiwa simu daktari wa mifugo. Insulini ikikuta tumbo tupu, mbwa hutetemeka, huyumba, hupata degedege, na anaweza kufa.

Daktari wa kwanza alituambia tununue chakula maalumu cha mfuko kutoka nje, akafunga faili. Sina ugomvi na mfuko. Una nyuzinyuzi za kutosha, na waliouchanganya wanajua kazi yao. Nagombana na kuambiwa kwamba nje ya mfuko hakuna mlo. Mfuko unaopatikana mwezi huu, na mwezi ujao muuzaji anakwambia mzigo haujafika, kwa mbwa mwenye kisukari ni hatari, maana kinachomwumiza ni kubadilishiwa ghafla. Daktari wa pili alikaa na sisi na kalamu. Dona badala ya sembe, kwa kuwa pumba zimebaki. Minofu ya kuku bila ngozi, kwa sababu mafuta mengi hulichokoza kongosho lililokwisha kuugua. Maharage machanga ya kuchemsha. Akaongeza madini ya kalsiamu kwa kipimo chake, kwani ugali na nyama peke yake havimtoshi mbwa kwa muda mrefu. Tunapima kwenye mizani ya jikoni, ileile ya shangazi ya keki. Usiuige mchanganyiko huu, wako upangwe kwa uzito wa mbwa wako. Uige ule ubishi wa kumwambia daktari: nipangie kitu ninachoweza kukipata kila siku.

Sasa ukoko. Mtaani kwetu mbwa ni wa wote, na kila mmoja ana mkono wa huruma. Watoto wanarusha biskuti. Jirani anakwangua sufuria la wali na kumwita kwa jina. Shangazi mwenyewe ananiambia, "Mwanangu, una roho ngumu. Mnyama anakuangalia hivyo, unaweza kumeza tonge?"

"Shangazi, anaangalia hivyo kwa sababu sukari imejaa kwenye damu na haiingii mwilini. Hata akila gunia ataangalia hivyohivyo."

Ile njaa ndiyo ugonjwa wenyewe, na kila anayeijibu kwa ukoko anaulisha ugonjwa. Afadhali mtu asiyempenda mbwa, maana huyo hampi kitu. Na msinikimbilie na peremende "zisizo na sukari": baadhi zina zailitoli, ambayo kwa mbwa ni sumu. Anayewashwa mkono ampe kipande cha tango, kimoja, halafu aniambie.

Jumamosi kuna shughuli nyumba ya pili. Pilau itapikwa, yenye mafuta na vitunguu, na vitunguu navyo huharibu damu ya mbwa. Geti nitalifunga kuanzia saa nne asubuhi, na sahani iliyofunikwa kwa upendo nitaipokea kwa mikono miwili na kuila mimi.