Chombo Kisichosomeka ni Chombo Kibovu: Lugha ya Vidhibiti vya Joto Majumbani

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Vifaa vingi vya kisasa huingia majumbani kwa ahadi hiyo hiyo, lakini wapo wageni ambao wakishaingia mwenyeji ndiye huanza kuugua. Mmojawapo ni kidhibiti cha saa za joto kisichotumia waya, ambacho katika nyumba nyingi za Uingereza ndicho huamua wakati boila itakapowaka na wakati itakapozimika. Makala haya yanashikilia kwamba kidhibiti kisichoeleweka na mwenye nyumba kinastahili kuondolewa na kuwekwa kilicho rahisi, na kwamba kosa la kutoeleweka huko kwa kiasi kikubwa ni kosa la lugha. Kwa sababu hiyo, suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kama linavyomhusu fundi.

Kwa msomaji aliyezoea hali ya hewa ya Mombasa au Kisumu, huenda ikafaa kueleza jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa boila ya gesi. Boila hupasha maji moto, na pampu huyasukuma kupitia mabomba hadi kwenye rejeta zilizowekwa kutani. Kidhibiti cha saa husema joto lianze na liishe lini. Kidhibiti cha nyuzi husema joto lifikie kiwango gani. Katika mifumo isiyotumia waya, kazi hizi mbili mara nyingi huunganishwa katika kijisanduku kimoja chenye betri, ambacho hutuma amri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilichofungwa karibu na boila. Kioo cha kijisanduku hicho huwa kidogo, vitufe vyake ni vichache, na kila kitufe hubebeshwa kazi tatu au nne. Siku za wiki huandikwa kwa tarakimu, na amri huwakilishwa kwa vijipicha ambavyo maana yake haipatikani ila katika kijitabu cha maelezo kilichokwisha kupotea.

Matokeo ya utata huo si usumbufu tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, lilipendekeza nyuzi 18 za Selsiasi kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba wakati wa baridi, na likaongeza kwamba wazee na watoto huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Mzee aliyeshindwa kukisoma kidhibiti chake huwa na njia mbili: kukaa katika baridi, au kuiacha boila iwake mchana kutwa na kulipia gesi asiyoihitaji. Njia ya kwanza hula afya, ya pili hula mfuko. Aidha, mtaalamu wa Marekani Donald Norman, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu uundaji wa vitu vya kila siku, alionyesha jinsi watu wanavyopandisha kidhibiti cha nyuzi hadi mwisho wakidhani nyumba itapata joto haraka zaidi. Hawadhani hivyo kwa ujinga. Hudhani hivyo kwa sababu chombo chenyewe hakiwaambii lolote kuhusu jinsi kinavyofanya kazi.

Iwapo hali ni hiyo kwa Mwingereza, ni vipi kwa mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi London, Northampton au Milton Keynes? Huyu hukabiliwa na tatizo jingine ambalo waundaji wa vyombo hivyo hawakulifikiria. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo na machweo, ilhali saa ya kidhibiti huanza usiku wa manane. Mama mzee atakaye nyumba ipate joto saa kumi na mbili asubuhi anapaswa kubonyeza 06:00. Akibonyeza 12:00, atatetemeka asubuhi nzima na rejeta zitawaka adhuhuri.

Siku nazo zina mtego wake. Baadhi ya vidhibiti huipa Jumatatu tarakimu 1, Jumanne 2, na kuendelea hadi Jumapili, ambayo ni 7. Majina ya Kiswahili, kinyume chake, yana hesabu yake ndani yake: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, Jumatatu ni ya tatu. Hivyo basi, anayeiona tarakimu 3 kwenye kioo ana kila sababu ya kuiita Jumatatu, kumbe chombo kinakusudia Jumatano. Isitoshe, katika hesabu ya jadi ya Waswahili usiku hutangulia mchana wake, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoufuata mchana wa Alhamisi. Anayeupanga usiku huo kwa hesabu ya babu zake atapata joto usiku wa pili.

Hata neno saa lenyewe lina utata. Vidhibiti vingi vina kitufe cha kuongeza joto kwa muda mfupi. Mfasiri akiandika, "Ongeza joto saa mbili," je, msomaji aelewe muda wa saa mbili, au aelewe kwamba joto litaongezwa ifikapo saa mbili? Mfasiri makini hana budi kuandika, "Ongeza joto kwa muda wa saa mbili." Maneno matatu tu, "kwa muda wa," ndiyo yanayotenganisha maelekezo na kitendawili.

Wapo watakaosema kwamba anayeishi Uingereza na ajifunze Kiingereza, na jambo liishie hapo. Hoja hii haina mashiko. Wenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho pia hushindwa na vyombo hivi, kwa kuwa vijipicha na tarakimu zisizo na maelezo si Kiingereza wala si lugha nyingine yoyote. Wengine watasema kwamba dawa ni kidhibiti cha kisasa zaidi kinachoendeshwa kwa simu. Kwa kijana aliyezoea simu, huenda ikawa hivyo. Kwa mzee ambaye macho yamefifia na ambaye simu yake ni ya kupokea salamu za wajukuu, huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Suluhisho ni kubadilisha chombo, lakini kubadilisha kwa busara. Kwanza ihakikishwe kwamba kilichopo hakina kasoro ndogo tu: betri zilizokwisha, au saa ambayo haikurekebishwa Uingereza ilipobadilisha majira Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba. Ikiwa hakuna kasoro na bado hakieleweki, kiondolewe. Ikumbukwe kwamba kijisanduku na kipokezi chake kwa kawaida huuzwa pamoja, na mara nyingi haiwezekani kubadilisha kimoja na kukiacha kingine. Hali kadhalika, boila hazifanani: nyingine huamrishwa kwa umeme wa volti 230 na nyingine kwa umeme mdogo, na kukosea hapo kunaweza kuunguza mitambo ya ndani. Kwa hivyo kazi hii ni ya fundi aliyehitimu, umeme ukiwa umezimwa; na lolote linalogusa gesi ni la fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, sajili iliyoanza kazi mwaka 2009. Wala haifai kuondoa udhibiti kabisa, maana tangu mwaka 2018 kanuni za Uingereza zimetaka kila boila mpya ya gesi ifungwe pamoja na vidhibiti vya saa na vya nyuzi.

Cha kuchagua ni chombo kinachojieleza: kidhibiti cha nyuzi chenye gurudumu moja na namba kubwa, na saa ya duara yenye vipini vya kusukumwa, ambapo saa zote 24 huonekana kwa mtazamo mmoja. Kabla fundi hajaondoka, mwenye nyumba na akiwashe na kukizima mwenyewe. Asipoweza, kazi haijakwisha.

Na hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapopata wajibu wao. Taaluma ya istilahi imezalisha orodha ndefu za maneno, lakini ni nadra kwa maneno hayo kupelekwa jikoni au sebuleni yajaribiwe na mtumiaji. Fauka ya hayo, haja hii haiko Ulaya pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali vifaa vingi vya kupasha maji moto, vya umeme na vya jua, bado huuzwa Nairobi bila sentensi moja ya Kiswahili.

Kazi yenyewe si kubwa. Ni kadi moja ya kubandikwa ukutani, yenye mistari isiyozidi sita, inayoandika "06:00, saa kumi na mbili asubuhi" kwa pamoja, inayoitaja siku kwa jina badala ya tarakimu, na inayotofautisha wakati na muda. Mwanafunzi aiandike, ampe mzee asiyemjua, kisha anyamaze na kutazama. Mzee akikwama, kilichokosewa ni kadi, na mwandishi na airudie. Tasnifu ya isimu ina mahali pake, lakini lugha inayoweza kuandika tasnifu na ikashindwa kumwambia bibi jinsi ya kuwasha joto bado haijatimiza wajibu wake.