Oya Msanii, Hiyo Bunduki Uliyoipuliza Mabaka Itakuponza

Leo sina umbea wa nani kamwacha nani. Nina jambo limenikaa kooni tangu Desemba, na kila nikiona klipu mpya ya msanii kashika "chuma" chenye rangi za jeshi, linanipanda upya. Acha nilitoe.

Kuna msanii chipukizi wa Bukoba mjini, jina kapuni, maana ni mshkaji wangu na bado namkubali. Dogo anachana kinoma. Alikuwa na ngoma mpya ya kibabe, akataka video yenye vaibu la kivita. Dairekta wake akaja na wazo: twende Ngenge, kule ndani Muleba, kuna nyasi ndefu na barabara ya vumbi, picha itatoka kama sinema. Mimi nikajibebesha simu yangu kwenda kupiga picha za Insta.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mbao. Seremala alichonga, wakachomeka kipande cha bomba la chuma mbele, wakafunga mkanda wa begi. Ungeiona asubuhi ile ungecheka, ilifanana na mwiko wa kusongea ugali wa msibani. Kisha dairekta akatoa makopo matatu ya rangi ya kupuliza: kahawia, kijani na nyeusi. Ujuzi kautoa YouTube, kwa Wamarekani. Akapuliza kahawia kote, akaacha ikauke. Akaivalisha mfuko wa neti wa vitunguu, akapuliza kijani juu yake. Akalaza jani la mgomba lililochanika, akapuliza nyeusi pembeni. Alipotoa neti, wote tukasema "duh!" Ule mwiko ulikuwa umekuwa bunduki.

Jioni dogo akasimama kando ya barabara, leso usoni, suruali ya mabaka, chuma mkononi. Kamera ilikuwa mbali, imefichwa kwenye nyasi ili picha ionekane ya kweli. Akatokea mzee na baiskeli, gunia la mahindi nyuma. Alipomwona dogo alitupa baiskeli, akaingia porini mbio ambazo sikujua mtu wa umri ule anazo. Tukacheka. Nakiri, hata mimi nilicheka.

Kicheko hakikufika dakika tano. Tukasikia yowe. Ukikulia Kagera unajua yowe ni nini, halihitaji tafsiri. Watu wakatoka mashambani na mapanga, fimbo, mmoja na mkuki. Hawakuwa wanakuja kuomba selfi. Dogo akaitupa ile bunduki chini, ikagonga jiwe, kitako kikapasuka. Ndani mti mweupe ukaonekana. Naamini kabisa kile kipande cheupe ndicho kilichomwokoa. Mwenyekiti wa kitongoji akainua mkono, watu wakasimama, tukaanza kujieleza huku tunatetemeka.

Yule mzee alirudi baadaye, anahema. Hakutukana. Alisema tu, "Wanangu, mimi niliwahi kulazwa chini kwenye basi. Waliotulaza sura zao sikuziona. Niliona nguo na bunduki." Kisha akaomba tumsaidie kuokota mahindi yake. Tuliokota punje kwa punje mpaka giza likaingia, na hakuna aliyekuwa anarekodi.

Sasa kabla hujasema "sanaa ni sanaa, wazee wanakuza mambo", kumbuka Kagera ni wapi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa huu, daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wakahama na watoto mgongoni. Wanajeshi wetu waliokufa kwenye vita ile wamelala Kaboya, hapo hapo wilaya ya Muleba, na tarehe 25 Julai 2013 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa pale. Vita ilipoisha bunduki hazikuisha. Kuna miaka mabasi yalipita mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ikapita Kagera, Geita na Kigoma kusaka wahamiaji haramu, majambazi na silaha haramu. Wilaya ya Muleba pia inagusa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na upande ule mtu mwenye bunduki kwenye nyasi ni askari wa hifadhi au ni jangili. Hakuna anayewaza "huyu atakuwa msanii."

Wewe unaona rangi tu. Mtu wa kule anaona kitu kilichowahi kumfuata.

Na hii ya kupaka silaha rangi ina historia yake. Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915, jeshi la Ufaransa liliunda kikosi maalumu cha kuficha zana, kikiongozwa na mchoraji, Lucien-Victor Guirand de Scévola. Wachoraji wakapaka mizinga mabaka ili adui aliye mbali asiitambue. Akili yake ni kwamba porini hakuna mstari mrefu, mweusi, ulionyooka. Bunduki ni mstari mrefu, mweusi, ulionyooka. Kwa hiyo unauvunja kwa rangi mpaka jicho lipotee. Mwanajeshi anafanya hivyo asionekane. Mwindaji wa Marekani anafanya hivyo wikiendi ili swala asimwone, na bunduki yake anaimiliki kihalali. Wewe unapaka mabaka halafu unasimama katikati ya barabara ukitafuta vyuu milioni. Kujificha hujifichi. Ulichobaki nacho ni sura ya mtu mwenye silaha.

Hapo ndipo nawabishia washkaji wanaosema "lakini ilikuwa ya bandia." Ndiyo, ya bandia kwako, uliyeishika na kujua ni mbao. Aliye mita hamsini hana hiyo taarifa. Kazi yote ya yale makopo matatu ilikuwa kuiondoa. Bila rangi ule mti ulikuwa mwiko, na mzee angepita akitucheka yeye. Tulinunua rangi ili watu waamini, wakaamini, halafu tukashangaa.

Huko huko Marekani tunakoiga, somo hili wamelilipia kwa damu. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa bustanini na bastola ya kuchezea. Ile alama ya rangi ya chungwa inayoonyesha kwamba ni mwanasesere ilikuwa imeondolewa. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda ni ya bandia, lakini neno hilo halikuwafikia askari waliotumwa. Walifika, na ndani ya sekunde kama mbili mtoto alikuwa amepigwa risasi. Alifariki kesho yake. Kipande kidogo cha rangi ya chungwa, basi.

Kwetu hapa jeshi lenyewe limeshaongea. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi yanayofanana na sare zake kuyasalimisha. Mtaani watu walilichukulia kama kichekesho, memu zikajaa. Lakini ukishaokota mahindi ya mzee gizani unaelewa kwa nini hawa jamaa hawataki rangi yao ivaliwe na kila mtu. Raia akiona mabaka anapaswa kujua ni nani amesimama mbele yake. Kila klipu ya kiki inapunguza huo uhakika kidogo. Siku jambazi wa kweli akisimama pale pale, mzee atasema "aah, ni wale watoto wa video," na safari hiyo hatakimbia.

Sisemi msishuti video za kibabe. Shuti. Ila fuata utaratibu wa vibali, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, pitia na polisi, waambie siku na saa. Weka watu wenu barabarani wa kuwaambia wapita njia kinachoendelea. Usiifiche kamera, iache ionekane, na kundi zima lionekane na maspika yake. Ncha ya bunduki ipake rangi ya chungwa, mkihariri mtaifuta. Na kama hamna muda wa kufanya hayo yote, hamna muda wa kushika bunduki, hata ya mti.

Dogo mwenyewe amekua. Ngoma imetoka, video kaishuti ufukweni Bukoba mjini, jua linazama, hakuna chuma hata kimoja. Wapo waliomwandikia kwamba amelegea. Hakuwajibu, na mimi najua kwa nini.

Haya, uwanja ni wenu wadau. Kama uliwahi kukimbia kitu ambacho baadaye uliambiwa kilikuwa "kwa ajili ya video tu", shusha komenti hapo chini. Wa Muleba, Karagwe, Ngara na Biharamulo nawasubiri kwa hamu. Na kama wewe ndiye uliyekuwa umeshika hicho kitu, shusha pia. Hatutakutaja jina.