Uchafu wa Mto Nairobi huanzia juu ya lami

KILA msimu wa mvua unapobisha hodi, wakazi wa Nairobi hushuhudia kioja kile kile. Vibarua huingia mitaroni kwa beleshi, wakachota tope jeusi na kulirundika kandokando ya barabara. Siku chache baadaye mvua hunyesha, tope likarudi mtaroni na kutoka hapo likaelekea mtoni.

Tope hilo si udongo mtupu. Ni mchanganyiko wa vumbi la matairi na breki, oili inayodondoka, masizi ya dizeli na chembe za lami yenyewe. Matairi huacha zinki, breki huacha shaba. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa nchini kufikia 2006, lakini risasi haiozi, na ile iliyokuwa imekwisha kutua kwenye udongo wa barabarani inaweza kusombwa hadi leo.

Wakati wa kiangazi shehena hii hulala barabarani, na mara nyingi ni mvua ya kwanza inayoizoa. Milimita 20 zikinyesha juu ya kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7, hayo ni lita 140,000, yaani malori 14 ya maji yenye kubeba lita 10,000 kila moja. Nyasi zingenywa sehemu kubwa ya maji hayo. Lami hainywi karibu chochote.

Tangu mradi wa bonde la Mto Nairobi ulipoanzishwa 1999, na hata marehemu John Michuki alipoivalia njuga kazi hiyo akiwa Waziri wa Mazingira, lawama zimeelekezwa kwa viwanda, vyoo na vibanda vya kandokando ya mto. Lawama hizo ni za haki. Hata hivyo, kiwanda kina mwenyewe na bomba lake laonekana. Kanuni za ubora wa maji humtaka awe na leseni ya kumwaga majitaka. Barabara je? Ina maelfu ya mifereji na haina wa kushtakiwa. Anayeumia ni mkulima anayenyweshea sukuma wiki maji ya mto huo, pamoja na mteja wake sokoni, ambaye huenda ni mimi au wewe.

Ipo lami inayoweza kupunguza balaa hili. Mjini Austin, jimbo la Texas nchini Marekani, watafiti walipima maji ya barabara kuu iliyotandikwa tabaka la juu lenye vinyweleo. Tope lililochanganyika na maji lilipungua kwa takriban asilimia 90. Maji huzama katika tabaka hilo na kutiririkia pembeni polepole, nayo matairi hayarushi tena maji yanayoosha uchafu wa chini ya gari. Lakini vitu vilivyokwisha kuyeyuka majini havikupungua sana, na vinyweleo huziba.

Hapo ndipo nasita kuipendekeza kwetu. Barabara nyingi za mitaani Nairobi zina lami katikati na udongo mtupu pembeni. Matatu hushuka ukingoni kuchukua abiria na kurudi na matope kwenye magurudumu. Lami ya Austin ingezibwa na udongo huo baada ya misimu michache. Isitoshe, chembe laini za udongo ndizo hunasa metali kwa wingi, hivyo ukingo usiozibwa huipatia sumu ya barabarani chombo cha kusafiria hadi Athi, kisha Sabaki na Bahari Hindi karibu na Malindi.

Kwa maoni yangu, fedha zitangulie kuziba kingo hizo kwa mawe au nyasi, na barabara zifagiliwe kwa dhati kabla ya mvua za Machi na Oktoba. Pesa za kandarasi ya kuzibua mitaro nazo zisilipwe hadi rundo la mwisho liondoshwe.

Litapelekwa wapi, hilo ni suala jingine. Kwa miaka mingi taka za jiji zimeelekea Dandora, na jaa la Dandora liko ukingoni mwa mto huo huo.